Soko la gemu za risasi za simu Ujerumani: kwa nini majina makubwa yanaanguka, na nini hasa kinadumu?

MwanaNyegezi (mwanzisha mada)

Wakuu wa jukwaa, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Sisi ni vijana watatu wa Nyegezi, tumemaliza stashahada ya TEHAMA, na kwa miezi kumi na minne sasa tumekuwa tukitengeneza gemu ya simu ya kurushiana risasi. Uwanja unaonekana kutoka juu, timu ni mbili za watu wanne wanne, na mandhari tumeyachora kwa mfano wa mawe yetu ya ziwani, yale yaliyopandana ambayo mgeni akiyaona hujiuliza kwa nini hayaanguki. Gemu inachezeka, na vijana wa mtaani wameipokea vizuri. Kaka wa mwenzetu mmoja, ambaye anaishi Ujerumani, yuko tayari kutusaidia fedha za kuitangaza kwa sharti kwamba tuanzie soko la huko, kwa hoja kwamba mchezaji mmoja wa Ujerumani hutumia ndani ya gemu fedha ambazo huku kwetu zingetafutwa kwa wachezaji wengi sana.

Kabla hatujampa jibu nimefuatilia kwa wiki kadhaa mwenendo wa gemu za aina hii, nikakwama mahali pamoja. Apex Legends Mobile ilitoka Mei 2022, mwaka huohuo Apple ikaitangaza kuwa gemu bora ya iPhone, na tarehe 1 Mei 2023 ikazimwa kabisa. Call of Duty: Warzone Mobile ilitoka tarehe 21 Machi 2024 ikiwa imeshaandikisha watu zaidi ya milioni 50 kabla ya kutoka, na Mei 2025 ikaondolewa madukani. Zote mbili zilikuwa na jina, fedha na mafundi waliobobea. Wakati huohuo PUBG Mobile ya mwaka 2018 na Call of Duty: Mobile ya mwaka 2019 bado zipo, na Brawl Stars ya Desemba 2018, ambayo kwa macho ni kama katuni ya watoto, bado inaingiza fedha nyingi.

Ninaomba kueleweshwa ni kitu gani kinachoamua ipi ibaki na ipi iondoke katika soko kama la Ujerumani, na kama timu ya watu watatu inaweza kupata hata kipembe kidogo pale, au tuanze na majirani zetu wa Kenya na Uganda.

Mchambuzi_Isamilo

Mdogo wangu, marahaba, na hongereni kwa kufika hapo, kwa sababu wengi huishia kwenye michoro. Kazi yangu ni kusimamia matangazo ya programu za simu kwa wateja wa nje nikiwa hapahapa Mwanza, na Ujerumani ni mojawapo ya masoko ninayoyashika kila siku, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Tenganisha kwanza orodha mbili ambazo watu huzichanganya. Orodha ya upakuaji inakuonyesha nani ana jina au ametumia fedha za matangazo wiki hii, ilhali orodha ya mapato inakuonyesha nani amebaki na watu. Gemu ya risasi yenye jina kubwa ikitoka hupanda haraka hadi kileleni mwa orodha ya upakuaji, kisha hushuka, na kushuka huko peke yake si dalili ya ugonjwa. Call of Duty: Mobile ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 100 duniani katika wiki yake ya kwanza, na hakuna gemu inayoweza kuishi kwa kasi hiyo. Swali la kujiuliza ni kama mapato yanasimama pale upakuaji unapotulia, au nayo yanateremka kwa ngazi ileile. Ukiweka mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja kwa gemu tano au sita, utaona wazi nani ana soko na nani alikuwa na sherehe ya ufunguzi tu.

Pili, angalia ukubwa wa bwawa lenyewe. Kwa hesabu za chama cha sekta ya michezo ya kidijiti cha Ujerumani, soko lote, pamoja na vifaa vyake, lilikaribia euro bilioni 10 mwaka 2023, kisha likashuka hadi takriban bilioni 9.4 mwaka 2024. Upande wa simu, karibu mapato yote hutokana na manunuzi ya ndani ya gemu. Soko lisilokua kwa kasi lina tabia moja ngumu: mchezaji wa gemu mpya ni lazima atolewe kwenye gemu nyingine. Na mchezaji wa gemu za risasi ndiye mgumu kuliko wote kumhamisha, kwa kuwa ameshanunua tiketi za misimu (vifurushi vya vitu vipya vya kila kipindi), ana bunduki alizozipamba kwa miaka mitatu, vidole vyake vimezoea mahali pa kila kitufe, na marafiki zake anaocheza nao usiku wako palepale. Hata akikupakua wewe, jioni anarudi kwao.

Hapo ndipo majibu ya maanguko uliyoyataja yalipo. Watengenezaji wa Apex Legends Mobile walieleza wenyewe walipotangaza kuifunga, mwishoni mwa Januari 2023, kwamba vitu vipya walivyokuwa wakivitoa vilianza kupungua ubora, wingi na kasi kulingana na kiwango walichojiwekea. Tafsiri yangu ni kwamba hawakuweza kuulisha msimu. Gemu ya risasi ni kama mgahawa wa chakula cha mchana: wateja wakija siku tatu wakakuta wali uleule bila mboga mpya, siku ya nne hawaji, hata kama mlipewa tuzo ya upishi. Warzone Mobile ilikuwa na tatizo jingine. Ilitaka kumleta mtu wa PlayStation kwenye simu, ikiwa na ramani zilezile na maendeleo yanayounganishwa na yale ya nyumbani. Lakini mwenye PlayStation tayari alikuwa na kitu kizima sebuleni, na mtu wa simu tayari alikuwa na Call of Duty: Mobile, tena nyepesi zaidi. Activision, kampuni yenye gemu hiyo, walipoiondoa walikiri kwamba haikufikia matarajio kwa wachezaji ambao simu ndiyo chombo chao kikuu. Nasisitiza maneno hayo, maana ninyi mnawatengenezea watu haohao.

Sasa Brawl Stars. Supercell, kampuni ya Helsinki iliyoitengeneza, waliijaribu nchini Kanada tangu Juni 2017, yaani mwaka mmoja na nusu kabla haijatoka dunia nzima, na katika kipindi hicho walithubutu kuibadilisha kutoka kuchezwa simu ikiwa imesimama hadi ikiwa imelazwa, jambo ambalo ni sawa na kubomoa nyumba iliyokwisha kuezekwa. Mechi zake huchukua dakika chache tu. Mwaka 2024 ilipanda upya baada ya kipindi cha kupoa, na mapato ya Supercell ya mwaka huo yalifikia takriban euro bilioni 2.8. Gemu ya miaka sita kufufuka namna hiyo kunakuambia kwamba katika soko hili umri si kikwazo kama mlango wa kurudi uko wazi.

Nikupe na hesabu ndogo ya kumpelekea huyo kaka. Kifurushi mnachokiuza euro 4.99 Ujerumani kina ndani yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, kwa hiyo baada ya kodi inabaki euro 4.19. Duka la programu huchukua asilimia 15 kwa mtengenezaji mdogo ambaye hajavuka mapato ya dola milioni moja kwa mwaka, nanyi mnabaki na takriban euro 3.56. Hapo bado hamjalipa seva, wala fedha za kumleta mteja mwenyewe. Kama kumpata mchezaji mmoja kunagharimu hata euro mbili, na kati ya wachezaji hamsini ananunua mmoja, kifurushi hicho kimoja hakiwezi kubeba mzigo. Kwa hiyo msinunue wachezaji Ujerumani mpaka mjue ni wangapi wanarudi siku ya pili, ya saba na ya thelathini. Namba hizo tatu mnaweza kuanza kuzipata hapahapa kwa gharama ndogo. Na tafadhali msitangaze Novemba na Desemba, kwa kuwa wafanyabiashara wote wa Ulaya wanagombea nafasi zilezile za matangazo kwa ajili ya Krismasi na bei hupaa, Januari hutulia.

Fundi_Mabatini

Mimi si mtu wa biashara hizo, ninatengeneza simu. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba ile gemu kubwa iliyoondolewa mwaka 2025 ilinipa wateja: kijana anakuja na simu ya moto mkononi akidai betri imekufa, nikiichunguza naikuta nzima, isipokuwa gemu imejaza nafasi yote na kuichosha simu mpaka inajipunguzia nguvu yenyewe. Ujerumani nako si kila mtoto ana simu ya mwaka huu, wengi hurithi ya mzazi. Jaribuni gemu yenu kwenye simu ya miaka mitano iliyopita, nusu saa mfululizo, halafu mshike mgongo wake.

Dada_Bukoba

MwanaNyegezi, mdogo wangu, nimesoma Dortmund kwa miaka mitatu na sasa ninafundisha Bukoba. Mchambuzi amesema vizuri kuhusu fedha, lakini kuna upande wa Ujerumani ambao hauonekani kwenye orodha yoyote, nao ni uhusiano wa nchi ile na gemu za risasi zenyewe.

Wengi wetu tuliokua na zile gemu za kuchomeka kwenye televisheni tunaikumbuka Contra, wale askari wawili wanaokimbia wakifyatua. Ulaya gemu hiyo ilitolewa kwa jina la Probotector, na askari wakageuzwa roboti, sababu kubwa ikiwa ni sheria za Ujerumani za kulinda vijana. Half-Life ya mwaka 1998 nayo ilipouzwa Ujerumani askari wake walikuwa roboti. Baada ya mauaji ya shuleni Erfurt mwaka 2002, sheria mpya ya ulinzi wa vijana ilianza kutumika Aprili 2003, na madaraja ya umri yanayotolewa na taasisi ya USK, yaani 0, 6, 12, 16 na 18, yakapata nguvu ya kisheria. Mjadala ukawaka tena baada ya mauaji mengine ya shuleni, Winnenden, mwaka 2009. Hali imelegea sana tangu hapo, na mwaka 2018 hata alama za enzi ya Hitler zilianza kuruhusiwa kwa kuangalia kila gemu peke yake. Hata hivyo mzazi wa Kijerumani bado anaitazama namba ile ya umri kabla ya kukubali. Mwenye nyumba wangu alikuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja, na nilimwona kwa macho yangu akiisoma alama ya USK kwenye simu ya mtoto kwa makini yaleyale anayotumia kusoma karatasi ya dawa.

Ndiyo maana siamini kwamba sura ya katuni ya Brawl Stars ni urembo tu. Gemu isiyo na damu, isiyo na miili inayobaki chini, inapata daraja la chini zaidi, na daraja la chini linafungua mlango wa watoto ambao kadi za zawadi za kununulia vitu ndani ya gemu wanapewa na bibi na babu siku ya kuzaliwa. Kadi hizo zinaning'inia karibu na kaunta za kulipia katika maduka kama Rewe na Edeka, jirani na pipi. Ukitaka kujua fedha ya gemu za simu inapita wapi Ujerumani, simama pale Jumamosi asubuhi.

Tangu Januari 2023 USK huangalia pia mambo yaliyo nje ya picha, kama vile mazungumzo kati ya wachezaji wasiofahamiana, mbinu za kusukuma watu wanunue, na visanduku vya bahati ambavyo mtu hulipia bila kujua atakuta nini ndani. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi, kwani tangu mwaka 2018 mamlaka yake inavihesabu visanduku vya kulipia kuwa kamari. Kwa hiyo kama mna visanduku hivyo, jueni kwamba vinaweza kuwapandishia daraja la umri Ujerumani na kuwafungia mlango wa jirani yake.

Jambo la lugha nalo nisilisahau. Wajerumani wengi wanajua Kiingereza, lakini baba anayelipa anataka kusoma Kijerumani. Na maneno yao ni marefu: kitufe chenu cha "Mipangilio" kitakuwa "Einstellungen", na kama mmekichora kwa kipimo cha neno fupi, herufi zitamwagika nje. Achieni nafasi tangu sasa.

Mkaguzi_Kirumba

Nimefuatilia mjadala huu kwa moyo wote, ingawa mimi ni mtu wa samaki. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya minofu hiyo ilikuwa inakwenda Ulaya.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Wakubwa zangu kazini walitusimulia kwamba samaki walikuwapo, wanunuzi walikuwapo, bei ilikuwapo, na bado biashara ilisimama. Kilichoirudisha ni maabara, kumbukumbu za kila shehena, na uwezo wa kumwonyesha mkaguzi samaki huyu ametoka mwalo gani. Ninayasema haya kwa sababu nimesoma maelezo ya dada na nikayatambua mara moja. Soko la Ulaya linaanza na karatasi, halafu ladha.

Vijana wangu, nimeuliza kwa binti yangu anayejua mambo haya, akaniambia kwamba Google Play humpa mtengenezaji dodoso la umri bila malipo, na majibu yake ndiyo yanayozalisha daraja la USK kwa Ujerumani na PEGI kwa nchi nyingine nyingi za Ulaya. Lijazeni kwa ukweli mtupu. Msiandike "hakuna damu" ilhali kuna mmwagiko mwekundu ambao mmeuita rangi. Sisi tulijifunza kwamba shehena moja iliyoandikwa uongo inazichafua shehena zote zinazofuata. Pia yapo masuala ya taarifa za watu, maana kanuni za Ulaya za Mei 2018 zinawataka muombe ridhaa kabla ya kumfuatilia mchezaji kwa ajili ya matangazo, na kwa mtoto ulinzi wake ni mkali zaidi.

MwanaNyegezi

Shikamooni tena wakubwa, na asanteni sana. Nimeyasoma haya yote na wenzangu jana usiku, tukayarudia. Tumekubaliana kuondoa mmwagiko mwekundu na kuweka vumbi la mawe mtu anapopigwa, jambo ambalo kwa kweli linaufaa uwanja wetu zaidi. Visanduku vya bahati tulikuwa tumeviweka, tutavitoa.

Nina swali moja kwa Dada. Mechi zetu ni za dakika nane. Vijana wa hapa mtaani wanazipenda hivyo, kwa sababu wanacheza wamekaa kibandani. Je, Wajerumani wanachezea wapi? Na Mchambuzi, je, kurudi kwa ile gemu kubwa ya risasi ya Fortnite kwenye simu kumebadilisha chochote kwa wadogo kama sisi?

Mchambuzi_Isamilo

Kwa Fortnite, kidogo sana kwa sasa. Iliondolewa katika maduka ya Apple na Google tarehe 13 Agosti 2020, na ikarudi kwenye iPhone za Umoja wa Ulaya tarehe 16 Agosti 2024 kupitia duka la Epic wenyewe, yaani watengenezaji wake, baada ya Sheria ya Masoko ya Kidijiti ya Umoja huo kuilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine. Ni ushindi wa mwenye jina ambalo watu watalitafuta popote lilipo. Ninyi hakuna anayewatafuta bado, kwa hiyo kaeni kwenye duka ambalo watu wanapita.

Dada_Bukoba

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Wanachezea kwenye treni. Nilikuwa nikisafiri kutoka Dortmund hadi Essen karibu kila wiki, na behewa zima lilikuwa limeinamia simu. Na watu wa huku hawataamini, lakini mtandao kwenye treni za Ujerumani ni wa kukatikakatika. Mnaingia kwenye handaki au mnapita mashambani, mawimbi yanapotea, yanarudi baada ya nusu dakika. Kijana aliyekaa mbele yangu siku moja alikuwa anacheza gemu ya risasi, mawimbi yakakata, na yaliporudi gemu ikamwandikia kwamba ameikimbia mechi na ikamkata alama. Aliifuta palepale, kabla hatujafika Bochum. Dakika nane ni nyingi kwa safari ile. Fanyeni tatu, na mtu akipotea mumshikie nafasi yake.

Na kwa kuwa jioni yao ya saa mbili ni saa tatu au saa nne usiku kwetu kutegemea majira, jipangeni nani atakuwa macho seva ikisumbua.

MwanaNyegezi

Dada, jibu lako limetutoa nyumbani. Leo asubuhi tumepanda kivuko cha Kamanga sote watatu, mmoja akiwa na ile simu ya zamani aliyoisema Fundi, na tumecheza tukivuka ghuba. Katikati ya maji mawimbi yalipungua mpaka yakakata, na gemu yetu ikafanya kosa lilelile la kwenye treni: ikamtoa mwenzetu nje na kumhesabia kushindwa, ilhali alikuwa anaongoza. Kabla hatujafika ng'ambo tulikuwa tumeshaandika mahali pa kurekebisha. Mchezaji akipotea atakaa nyuma ya jiwe kwa sekunde arobaini, hapigwi wala hapigi, na akirudi anaendelea alipoachia. Mechi tunaishusha hadi dakika tatu.

Kaka wa Ujerumani tumemwomba asubiri hadi Januari. Hadi hapo tutakuwa tunavuka kila Jumamosi, na nitaweka hapa zile namba za siku ya pili, ya saba na ya thelathini, zikiwa nzuri au mbaya.